Kakakuona na Kichuguu cha Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Wa huku mbele nimewasikia. Wa kule nyuma, na nyinyi akina mama mnaochambua mboga, wekeni ungo chini kidogo mniitikie vizuri. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Sasa naona tupo wote.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wa nyika ya Mitundu walipokuwa wakinywa maji ya kisima kimoja na kugombana kwa lugha moja, paliondokea Kakakuona. Alikuwa mama kijana. Mtoto alikuwa mmoja tu, tena ndiye wa kwanza.

Kakakuona alikuwa na haya. Haya gani? Haya zisizo na mfano! Ukimwambia, "Hujambo, Kakakuona?" yeye kichwa ndani, mkia juu, biringi! Amekuwa duara. Unabaki unazungumza na magamba.

Wanyama walimzoea. Fisi ndiye aliyezidi. Kila akipita humgonga mgongoni, ko! ko! ko!

"Hodi hapa! Mwenye nyumba yumo?"

Kimya.

"Aa, katoka," Fisi husema, kisha huenda zake akicheka mpaka mbavu zinamuuma.

Lakini msimwone Kakakuona hivyo mkamdharau. Mungu amempa vyake. Hana jino hata moja, kibogoyo tangu kuzaliwa. Kinywani mwake mna ulimi tu. Lakini ulimi gani, jamani! Mrefu kuliko kichwa chenyewe. Mwembamba kama ugwe, unanata kama ulimbo wa kutegea ndege. Huutia katika tundu la kichuguu, lwap! Unatoka na mchwa wamejipanga kama shanga kwenye uzi. Huutia tena, lwap! Shanga nyingine. Na kwa kuwa hana meno, humeza na vijiwe. Vijiwe vinakwenda kutwanga mchwa huko huko ndani. Kinu chake kiko tumboni. Mmeona mpishi wa namna hiyo?

Na anavyotembea! Hutembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, kama bibi aliyekwenda kwa watu kuomba moto wa kuwashia jiko.

Mtoto wake alimwita Kigamba. Alizaliwa na magamba laini, meupe, kama kucha za mtoto mchanga wa binadamu. Kigamba hakuachwa shimoni mama akienda kutafuta chakula. Alipanda kwenye mkia wa mama yake, hapo mkia unapoanzia, akashika kwa vikono viwili. Wakaenda naye.

"Shika, mwanangu."

"Nimeshika, mama."

"Shika sana."

"Nimeshika sana, mama."

Kukitokea adui, mama humvuta mtoto kifuani, kisha biringi! Mtoto ndani, mama nje, magamba juu. Simba mzima hukaa hapo akibingirisha duara mpaka anachoka.

Sasa, Kakakuona alikuwa na mila moja katika kula kwake. Akifika kwenye kichuguu hufukua tundu dogo. Hulamba, lwap! lwap! Mchwa askari wakianza kutoka na koleo zao, yeye huondoka. Hata kama njaa bado ipo. Huondoka, huenda kichuguu kingine, hulamba kidogo, huondoka. Na akiwa njiani humwimbia mtoto wimbo aliofundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa na mama yake. Muitikie na nyinyi:

*Lamba kidogo, nenda zako,*
*nyumba si yako, ina wenyewe.*
*Mwenye bawa mwache atoke,*
*utaona, utaona.*

"Tutaona nini, mama?" Kigamba huuliza.

"Sijui, mwanangu. Mimi nami nilimuuliza bibi yako. Akaniambia, utaona."

Nyegere, yule mwenye mgongo mweupe na makucha ya kufukulia, alimkuta siku moja akiondoka kwenye kichuguu kilichojaa mchwa. Nyegere alishangaa.

"We Kakakuona! Mbona unakula kama mtu aliyekwenda kwa wakwe? Chakula hicho, unakiacha?"

Kakakuona, biringi!

"Haya, jikunje," Nyegere akasema. "Mimi sina mkwe humo." Akakibomoa kichuguu kizima, kwaru! kwaru! Akala mpaka malkia aliyekuwa ndani kabisa. Siku ya pili mvua ndogo ikanyesha juu ya ule udongo. Hakutoka mchwa hata mmoja kuujenga.

Kakakuona alipita hapo na Kigamba mkiani. Akatia ulimi. Akautoa. Mtupu.

Basi wanangu, ukaja mwaka wa kiangazi. Si kiangazi mnachokijua. Kisima kilibaki tope. Nyasi zikawa vumbi, vumbi likawa hewani. Swala wakahama, pundamilia wakahama. Simba akabaki anahesabiwa mbavu kwa mbali. Akawaita wanyama waliobaki.

"Jamani," Simba akasema, "tutakula nini?"

Nyegere akasimama. "Mzee Simba, nyika hii imejaa chakula. Tunakikalia. Tunakiegemea. Kila kichuguu ni ghala la mchwa. Mimi nafukua, wote tunakula."

"Na vichuguu vikiisha?"

"Vitaisha mvua nayo imefika. Na mvua ikifika si kumbikumbi hawa hapa? Tutakula mpaka tusinzie."

Wanyama wote wakapiga vigelegele. Maana, sikilizeni kosa lao. Wanyama wa Mitundu waliamini kwamba kumbikumbi huanguka na mvua. Walisema huko juu kuna mkeka mkubwa, na mvua ikinyesha mkeka hukung'utwa, na kumbikumbi ndio makombo. Babu zao waliwaona kumbikumbi hewani baada ya mvua, wakatazama juu, wakafungua vinywa. Nani angetazama chini na chakula kiko juu?

Kakakuona alikuwapo pale mkutanoni. Moyo ulimdunda, du! du! du! Alitaka kusema, "Msimalize. Nyumba zina wenyewe." Akafungua mdomo. Wote wakageuka kumtazama.

Biringi!

"Mwenye nyumba katoka," Fisi akasema. Mkutano ukavunjika kwa kicheko.

Ikawa kazi moja. Kwaru! kwaru! kichuguu chini. Kwaru! kwaru! kingine chini. Walikula cha mashariki, wakala cha magharibi. Wakala vya kando ya kisima, wakala vya chini ya migunga. Kikabaki kimoja tu, kirefu kupita twiga, kigumu kama jiwe. Kikaitwa Kichuguu cha Mwisho.

Na Kakakuona akakonda. Magamba yakawa mapana kuliko mwenye magamba. Asubuhi moja Kigamba alinyonya, akaacha, akanyonya tena, akaacha.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Hamna kitu."

Kakakuona alimpandisha mkiani. "Shika, mwanangu." "Nimeshika, mama." Lakini sauti ya mtoto ilikuwa ndogo, na vikono vililegea.

Wakafika Kichuguu cha Mwisho jua likichomoza. Kakakuona akalikuta tundu lake la zamani, akatia ulimi. Lwap! Mchwa wachache. Lwap! Wachache tena. Akausukuma ulimi ndani zaidi, kule ambako hajawahi kufika. Ukagusa kitu laini.

Akasimama.

Ulikuwa mwili mnono, umejaa mafuta. Na juu ya mwili, bawa. Jembamba, limekunjwa, bado lina unyevu. Akasogeza ulimi taratibu. Bawa jingine. Na jingine. Na jingine. Wako wengi kama mchanga. Wamesimama gizani, kimya, wameelekea mlangoni, kama mwali aliyewekwa ndani anayengoja siku ya kutolewa.

Kakakuona alihisi magamba yake yote yakisimama. Hakuwa na hofu. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kidogo akakuta ndani yake mji mzima.

Mate yakamtoka. Mmoja tu wa hao angekuwa maziwa. Kumi wangekuwa maziwa ya siku nzima. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia bila machozi.

*Mwenye bawa mwache atoke.*

Kwa nini? Hakujua. Mama yake hakujua. Ulimi ulikaa pale. Kisha taratibu, taratibu, Kakakuona akaurudisha kinywani. Mtupu.

"Mama, umepata?"

"Nimepata kidogo, mwanangu. Tuvumilie."

Hapo hapo akasikia vishindo. Tif! tif! tif! Nyegere mbele, Simba nyuma, Fisi pembeni anapiga miayo.

"Ondoka, mama Kigamba," Nyegere akasema. "Leo ni karamu."

Akaanza kufukua. Kwaru! kwaru! Udongo ni mgumu. Kucha moja ikakatika. Kwaru! kwaru! Kucha nyingine ikakatika. Akafukua mpaka jua likafika utosini, akalala chini anahema, akainuka, akafukua tena. Mwisho, po! Ukuta ukatoboka. Tundu la kutosha kichwa cha Fisi.

Kakakuona akasogea. Safari hii atasema. Atasema tu. Akafungua mdomo.

Simba akamtazama. Nyegere akamtazama. Fisi akamtazama, tena akainamisha kichwa na kutega sikio kwa kejeli. "Eee? Tunakusikiliza, bibi mkubwa."

Biringi!

Fisi akalisukuma lile duara kwa pua. Likashuka mteremko, biringi, biringi, biringi, likagota kwenye shina la mgunga. Tu!

Ndani ya duara, gizani, kifuani pa mama, Kigamba aliuliza:

"Mama, mbona hukusema?"

"Naona haya, mwanangu."

"Mbona mimi unaniambia?"

"Wewe humu ndani huoni uso wangu."

Kigamba akafikiri.

"Na wao, mama, sasa hivi wanauona?"

Kakakuona akambana mtoto kifuani. Kisha duara likafunguka.

Alisimama kwa miguu miwili. Mtoto amemkumbatia kifuani kwa mikono. Akapanda mteremko, hatua, hatua, hatua, hamtazami mtu. Akampita Fisi. Akampita Simba. Nyegere alikuwa amerudi nyuma kupangusa vumbi machoni. Kakakuona akaingia katika lile tundu, mgongo nje, tumbo ndani, akajikunja. Kha! Akakaza kama kizibo kwenye mtungi.

"Haya ni mambo gani?" Nyegere akasema.

Kutoka ndani ya magamba ikatoka sauti. Ndogo, lakini imenyooka.

"Shikamoo, Mzee Simba."

"Marahaba," Simba akajibu, kabla hajajua anamjibu nani.

Fisi akaruka nyuma. "Jiwe limeamkia!"

"Ni mimi, mama Kigamba," sauti ikasema. "Naomba mniwie radhi, siwezi kuongea nikitazamwa. Humu ndani mna wenye mabawa. Nimewagusa kwa ulimi. Mtoto wangu ana njaa, nami sikuwala. Nawaomba na nyinyi msiwale. Waacheni watoke."

"Wenye mabawa ndani ya udongo!" Nyegere akacheka. "Njaa imempanda kichwani. Kumbikumbi wako kule juu, mama, kule!"

"Watoke waende wapi?" Simba akauliza.

"Sijui, Mzee."

"Wakitoka itakuwaje?"

"Sijui, Mzee. Mama yangu alisema nitaona."

Simba akakasirika. Akamshika kwa makucha. Makucha yakateleza, kwaruuu! Akamuuma. Meno yakateleza. Akavuta mpaka misuli ya shingo ikatetemeka. Kakakuona hakutoka.

"Nipisheni," Fisi akasema. "Mimi navunja mfupa wa paja la nyati." Akakita taya. Kacha!

"Amevunjika?" Nyegere akauliza.

"Ni jino langu! Mama weee!"

Nyegere akatazama makucha yake. Yalikuwa vigutu. Hakuwa na nguvu ya kutoboa ukuta mwingine.

"Basi tukae," Simba akasema. "Njaa itamtoa."

Wakakaa. Jua likawaka. Huku nje walikuwa wakingoja njaa, na kule ndani mchwa askari walikuwa wamemfikia. Walimuuma tumboni, pasipo na magamba. Walimuuma mashavuni. Alifunga masikio, alifunga pua, alifumba macho, akamfunika mtoto kwa mikono na mkia. Chakula chake kilikuwa kikimla, naye hakusogea.

"Mama, wanakuuma?"

"Kidogo."

"Maziwa hamna?"

"Bado, mwanangu. Shika."

"Nimeshika, mama."

Kisha wakaacha kuuma. Kakakuona akahisi kitu baridi pembezoni mwa mwili wake. Tope. Vitonge vidogo vya tope, kimoja baada ya kingine, baina ya magamba yake na ukuta. Mchwa walikuwa wakikandika. Waliona nyumba imetobolewa, wakaona kipo kitu kimeziba, wakakikandika humo humo. Mama mzima na mtoto wake walikuwa wamefanywa ukuta wa nyumba ya watu! Kakakuona alitaka kucheka, na alitaka kulia. Aliyekuwa mgeni wa nyumba hii miaka yote, leo ameingizwa kwenye ujenzi.

Alasiri upepo ukageuka. Simba akainua pua. Kukaja harufu ya udongo mbichi. Wingu likaja jeusi, zito. Ngurumm! Tone moja. Pa! Tone jingine. Pa! Pa! Pa-pa-pa-pa-pwaaa! Mvua!

Wanyama wakacheza. Fisi, na jino lake lililovunjika, akacheza. Mvua ikanyesha, ikakoma, jua likatoka limeoshwa.

"Sasa!" Nyegere akasema. "Midomo wazi!"

Wote wakainua nyuso. Midomo wazi. Wakangoja makombo ya mkeka. Wakangoja. Mbingu ilikuwa safi, samawati. Hakuna kilichoanguka. Wakatazama upande wa vichuguu vya mashariki. Tii. Wakatazama upande wa magharibi. Tii. Kila mahali palikuwa na vifusi vya udongo, na kimya.

"Mkeka hauna kitu," Simba akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuogopa.

Lakini ndani ya Kichuguu cha Mwisho, Kakakuona alisikia mvumo. Vuuu. Ulitoka chini kabisa, ukapanda. Ukuta ukatetemeka. Kila upande mchwa walikuwa wakifungua vijimlango. Akahisi miguu midogo tumboni pake, mingi, mingi, inapita. Haikumuuma. Ilipita juu ya kichwa cha mtoto wake, ikapenya kati ya gamba na gamba, ikapanda mgongoni.

"Mama," Kigamba akanong'ona, "ni akina nani?"

"Ndio wao, mwanangu. Ndio wenyewe."

Kule nje Simba alikuwa bado ametazama juu. Fisi ndiye aliyeinamisha macho kwanza. Hakucheka. Alisema tu, "Tazameni."

Kwenye ncha ya kila gamba la Kakakuona alikuwa amesimama kumbikumbi mmoja. Magamba yote. Mabawa yao yalifunguka, yakashika jua. Mgongo wa Kakakuona ukawa kama kitu kilichowashwa taa. Kisha, vuuuuu! Wakaruka. Nyuma yao wengine, na wengine, na wengine. Wakatoka kileleni, wakatoka ubavuni, wakatoka miguuni pa kichuguu. Nguzo ya mabawa ikapanda kutoka ardhini mpaka macho yakashindwa kuifuata. Jua likapungua mwanga. Ndege wakaja kutoka nyika za mbali wakipiga kelele, na nguzo haikupungua.

Hakuna aliyekula. Njaa ile yote, na hakuna aliyekula. Simba alikaa chini kama mtoto. Nyegere alikuwa na kumbikumbi puani na hakumpangusa.

"Wanatoka chini," akasema. "Jamani. Siku zote walikuwa wakitoka chini."

Kisha akageuka kutazama vile vifusi alivyobomoa yeye, kimoja, kimoja, mpaka mbali. Akajifunika macho kwa makucha yake yaliyokatika.

Kumbikumbi wakaanza kushuka. Wakaangusha mabawa. Ardhi ikafunikwa, na hapo ndipo wanyama walipokula. Walikula mpaka wakasinzia. Na bado walibaki wengi, wakaenda wawili wawili, dume na jike, wakatafuta udongo laini, wakachimba, wakazama. Kila wawili, nyumba mpya. Nyegere aliwaona wawili wakichimba mbele ya pua yake. Alimeza mate. Akawapisha.

Tope la kukandikia likalainika kwa mvua. Kakakuona akajinasua, akatoka, tumbo lote limevimba kwa maumo. Akalamba waliokuwa chini, lwap! lwap! Akaketi chini ya mgunga. Kigamba akanyonya. Akaacha. Akanyonya tena, hakuacha.

"Mama, yamerudi!"

Simba akaja, akasimama kwa heshima. "Mama Kigamba, tuambie. Mama yako alikufundisha nini kingine?"

Kakakuona akafungua mdomo. Akamwona Simba. Akamwona Nyegere. Akawaona wote.

Biringi!

Safari hii Fisi hakugonga. Aliketi kando ya lile duara, akawakonyeza wenzake wanyamaze. Wakaketi wote. Wakangoja. Jua likainama, nao wanangoja. Na kutoka ndani ya magamba, polepole, ile sauti ndogo ikaanza kuimba:

*Lamba kidogo, nenda zako,*
*nyumba si yako, ina wenyewe...*

Nao wakaitikia.

Basi funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: ukila, mwachie mwenye nyumba kitu cha kuijengea, ndipo kesho ukute mlango. Na mwenye haya akinyamaza msimcheke. Mngojeni, huenda neno analo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimelamba kidogo, kichuguu nimekiacha kimesimama.